Mwili Usio na Ndugu

Mwaka 1991 mwigizaji wa Marekani, Charlie Sheen, alitazama kanda ya video iliyotoka Japani akaamini kwamba ameshuhudia mwanamke akiuawa kweli. Katika kanda hiyo mtu aliyevaa kama samurai anamkata mwanamke viungo, kimoja baada ya kingine, bila haraka, kama fundi anayejua kazi yake. Sheen hakuwa mgeni wa sinema. Alikwisha kuigiza mwanajeshi katika Platoon, filamu ya vita ya mwaka 1986, na alijua vizuri jinsi mtu anavyopigwa risasi mbele ya kamera kisha akainuka, akajifuta rangi na kwenda kula chakula cha mchana. Hata hivyo aliamini. Akatoa taarifa, na habari ikafika kwa wapelelezi wa FBI.

Uchunguzi ulionyesha kwamba hakuna aliyekufa. Viungo vilikuwa vya bandia na damu ilikuwa ya kutengeneza. Tayari ilikuwapo filamu nyingine, iliyotolewa mwaka 1986, inayoonyesha mafundi wakiandaa mikono, matumbo na ngozi za uongo kwa ajili ya kazi hiyo. Swali la wapelelezi lilikuwa moja: ni kweli au si kweli? Lilipopata jibu, faili lilifungwa, na tangu siku hiyo kisa cha Sheen husimuliwa kama kichekesho: mwigizaji aliyedanganywa na maigizo.

Mimi sioni kichekesho. Naona kwamba pale faili la polisi lilipofungwa ndipo swali la maadili lilipopaswa kufunguliwa. Kama hakuna aliyeumizwa, je, kuna ubaya wowote katika kutazama? Na kama upo, unakaa wapi, ikiwa mwanamke yule alivua vipodozi akarudi kwao salama?

Swali hili halikunijia vitabuni. Ninasoma shahada ya umahiri katika falsafa, na wanafunzi kumi na mmoja tuna kikundi kidogo cha kutazama filamu kila Ijumaa jioni katika chumba cha semina. Muhula huu mwenzetu mmoja alipendekeza tuionyeshe kanda hiyo. Tumebishana kwa majuma matatu. Wengine wetu, mimi nikiwamo, tulikwisha kuitazama kila mtu kwa wakati wake. Kura inapigwa wiki ijayo, na ninaandika ili nijue nitanyoosha mkono kwa sababu gani.

Kwanza filamu yenyewe. Inaitwa Chiniku no Hana, yaani Ua la Nyama na Damu. Ni ya pili katika mfululizo wa Guinea Pig, jina la yule mnyama mdogo tunayemwita simbilisi, na kwa maana yake nyingine, kiumbe wa kufanyiwa majaribio. Ina dakika 42. Ilitoka mwaka 1985, enzi ambazo deki za video zilikwisha kuingia sebuleni na filamu iliweza kumfikia mtazamaji bila kupita katika ukumbi wowote wa sinema. Mwongozaji wake ni Hideshi Hino, mchoraji wa katuni za kutisha aliyezaliwa mwaka 1946 huko Manchuria, katika familia ya Wajapani waliokuwa wakirejea kwao baada ya vita. Kabla ya kushika kamera alikwisha kujulikana kwa vitabu vyake, kimojawapo kikiwa juu ya mchoraji anayepaka picha zake kwa damu yake mwenyewe.

Hadithi karibu haipo. Usiku mwanamke anafuatwa barabarani na kutekwa. Anaamka amefungwa kitandani. Mtekaji anamchoma sindano ya dawa inayomwondolea maumivu na kumwachia uso wa mtu aliye ndotoni, kisha anaanza kumkata: mikono, miguu, tumbo, kichwa. Mara kwa mara anaigeukia kamera na kusema nasi kwa sauti ya mshairi, akiyaita majeraha maua. Mwishoni anatuonyesha hazina yake ya viungo alivyokusanya, na tunaelewa kwamba atatoka tena kutafuta mwanamke mwingine.

Ujanja mkubwa uko mwanzoni. Maandishi yanatuambia kwamba Hino alipokea kifurushi kutoka kwa shabiki asiyejulikana, ndani yake mkiwa na filamu ya milimita 8, picha na barua, na kwamba tunachokwenda kutazama ni igizo la yale aliyoyaona humo. Basi mtazamaji anaambiwa kwamba hiki ni cha uongo, lakini kinafuata kitu cha kweli. Ukiongeza video yenye chengachenga, iliyonakiliwa kutoka nakala ya nakala mpaka sura zikafifia, unaelewa kwa nini mtu anayeijua sinema alinyanyua simu.

Utetezi wa filamu hii ni wa zamani kuliko sinema. Aristotle, katika kitabu chake juu ya ushairi, alieleza kwamba binadamu hufurahia kutazama picha iliyochorwa kwa usahihi ya kitu ambacho chenyewe hawezi kukitazama bila kuumia. Akatoa mfano wa maiti. Furaha hiyo, alisema, ni ya kujifunza na kutambua. Rafiki yangu aliyependekeza filamu anaisimamia hoja hii kwa ukamilifu. "Dada," aliniambia, "hapo unatazama mpira na rangi. Huumizi mtu. Unajaribu tu moyo wako uone una kina gani. Wewe ukilia kwenye tamthilia, nani amekufa?"

Hoja yake ina nguvu, na wanaoipinga kwa kawaida hukimbilia jibu moja: filamu za namna hii huzaa wauaji. Jibu hilo lina jina na mwaka. Kati ya 1988 na 1989, katika maeneo ya Tokyo na Saitama, Tsutomu Miyazaki aliwaua watoto wa kike wanne, wenye umri kati ya miaka minne na saba. Alipokamatwa Julai 1989, chumbani kwake kulikutwa kanda za video 5,763. Vyombo vya habari vikaripoti kwamba miongoni mwake zilikuwamo za Guinea Pig, na jamii ya Japani, ikiwa na hofu na ghadhabu, ikageukia vijana wote waliojifungia vyumbani na katuni zao na kanda zao. Neno otaku, lililokuwa jina la utani la mashabiki, likawa kama shtaka. Miyazaki alinyongwa Juni 17, 2008.

Nimefikiri sana juu ya kisa hiki na sioni kwamba kinabeba mzigo aliotwishwa. Kanda 5,763 ni maktaba. Ndani ya maktaba kubwa namna hiyo unaweza kukuta sababu yoyote unayoitafuta. Watu wengi walitazama zilezile Guinea Pig, wakarudisha kanda dukani, kesho yake wakaenda kazini. Zaidi ya hapo, hoja ya "filamu huzaa wauaji" inatustarehesha mno. Inasema ubaya wa kutazama unamhusu mtu mmoja kati ya mamilioni, yule mgonjwa, naye si mimi wala si wewe. Sisi wengine tuliobaki, ambao kwa hakika hatutaua mtu, tunaruhusiwa kuondoka bila kuulizwa chochote. Mimi nataka kutuuliza sisi.

Hapa sina budi kusimulia jambo la nyumbani kwetu.

Baba yangu mdogo alifariki katika ajali ya basi miaka minne iliyopita. Ajali ilitokea alfajiri. Kabla ya saa mbili asubuhi picha zilikwisha kufika kwenye simu za watu wasiopungua mamia, kwa sababu walioshuka kwenye magari ya nyuma walianza kupiga picha kabla ya wengine kuanza kuvuta watu. Mama mdogo hakupigiwa simu na mtu. Aliipata habari kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wenzake wa kikoba, kati ya tangazo la marejesho na salamu za asubuhi. Uso haukuonekana vizuri. Alilitambua shati, kwa kuwa usiku uliopita alilipiga pasi yeye mwenyewe.

Aliyetuma picha ile hakuwa mtu mbaya. Nilimwona msibani, alipika chai siku zote tatu. Chini ya picha aliandika "Mungu awapumzishe marehemu" na kuweka viganja vya kuomba. Hakujua ni nani. Na hilo ndilo ninalotaka lishikwe vizuri: hakujua ni nani, na kutokujua huko hakukumzuia. Yumkini ndiko kulikomruhusu. Laiti angejua kwamba mwili ule una mke, na kwamba mke huyo yumo katika kundi lilelile, kidole kingesita.

Sisemi hili kama jambo la ajabu lililotupata sisi peke yetu. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, na kuua watu zaidi ya 100, video za watu walioungua zilizunguka nchini siku hiyohiyo. Nani hakuziona? Wengi wetu tulizifungua, tukasema "jamani", tukazipeleka mbele. Susan Sontag, katika kitabu chake cha mwaka 2003 juu ya kutazama maumivu ya wengine, aliona kwamba kadiri mahali palivyo mbali na mtazamaji wa Magharibi ndivyo anavyoonyeshwa maiti waziwazi, wakati nyuso za wafu wa kwao hufichwa kwa heshima. Hakuishi kuona sura ya pili ya jambo hilo: kwamba siku moja tungeshika kamera wenyewe na kuwatendea wafu wetu kama wa mbali.

Sasa rudi kwa Charlie Sheen uone kichekesho kilipo. Mtu mmoja aliona kifo cha uongo, akadhani ni cha kweli, akatoa taarifa. Sisi tunaona vifo vya kweli, tunajua ni vya kweli, tunafowadi. Yeye alikosea juu ya ukweli lakini akatenda sawasawa. Sisi tuko sahihi juu ya ukweli, na matendo yetu ndiyo yenye kasoro. Kama ningelazimika kuchagua jirani kati ya hao wawili, nisingesita.

Falsafa ina mfano wa kale wa mtu aliyekwama katikati. Plato, katika kitabu cha nne cha Jamhuri, anasimulia juu ya Leontius, aliyekuwa akipanda kutoka bandari ya Piraeus kwenda mjini alipoona maiti zimelala karibu na mnyongaji. Alitamani kutazama na wakati huohuo alijichukia kwa kutamani. Akajifunika uso, akashindana na nafsi, mwishowe akashindwa. Akafumbua macho, akazikimbilia zile maiti, akiyatukana macho yake mwenyewe. Plato alitumia kisa hicho kuonyesha kwamba ndani ya mtu hasira inaweza kupigana na tamaa. Mimi hunivuta jambo jingine. Leontius aliona aibu ingawa hakumdhuru mtu. Wale walikwisha kufa. Macho yake hayakuwaongezea jeraha. Aibu yake ilitoka wapi?

Nadhani ilitoka hapa: alijua kwamba mwili wa mtu humdai anayeutazama. Unamtaka afanye kitu, hata kama ni kidogo: auzike, auombee, aufunike kwa khanga, aulize jina. Ndiyo maana kwetu maiti hufunikwa hata barabarani, hata kwa majani kama hakuna nguo. Kutazama tu, bila kuwa tayari kufanya chochote kati ya hayo, ni kuchukua bila kulipa. Deni hilo haliwi dogo eti kwa sababu mwenye kudai hawezi kusema.

Nilipoieleza hoja hii kwenye kikundi, rafiki yangu alinikamata papo hapo. "Sawa dada, nimekubali. Lakini umejifunga mwenyewe. Kama deni linatoka kwenye mwili wa kweli, basi kwenye mpira hakuna deni. Filamu ya Hino iko huru. Ikataze video ya ajali, uniachie simbilisi wangu."

Watu walicheka, nami nilihitaji siku kadhaa kulipata jibu. Jibu lenyewe nilianza kuliona nilipolinganisha filamu hii na picha nyingine za Kijapani zinazotazama kifo, kwa maana si kweli kwamba Hino alianza kitu kipya.

Tangu karne ya 13 wachoraji wa Kibuddha nchini Japani walitengeneza picha ziitwazo kusōzu, zinazoonyesha mwili wa mtu ukioza kwa hatua tisa: unavimba, unapasuka, unaliwa na mbwa na ndege, unabaki mifupa iliyotawanyika. Watawa walizitazama ili wafahamu kwamba mwili unapita na tamaa yake inapita nao. Karne kadhaa baadaye, mwaka 1866 na 1867, utawala wa ukoo wa Tokugawa ukiwa unaanguka, Tsukioka Yoshitoshi na Ochiai Yoshiiku walichapa picha 28 za mauaji mashuhuri, kila mmoja 14, zenye damu nyingi hata leo zinashtua. Hivyo samurai wa Hino ana babu zake.

Lakini katika hatua tisa za kusōzu kuna jambo ambalo filamu haina. Mara nyingi mwili ule ulipewa mwenyewe. Ilisemwa ni wa malkia fulani, au wa Ono no Komachi, mshairi wa karne ya 9 aliyesifika kwa uzuri. Mtazamaji aliambiwa: huyu alikuwa mtu, alipendwa, na wewe utafuata njia yake. Sizitetei picha hizo kwa kila kitu. Mwili uliooza karibu kila mara ulikuwa wa mwanamke na macho yaliyokusudiwa kufunzwa yalikuwa ya wanaume. Kama binti, siwezi kulipita hilo bila kulisema. Hata hivyo picha zile zilimfungamanisha mtazamaji na mwili. Zilimwambia kwamba kati yake na ule uozo kuna muda tu.

Chiniku no Hana inakata kamba hiyo mapema kuliko inavyokata mkono. Mwanamke hana jina. Hatujui alikuwa anatoka wapi usiku ule wala nani alikuwa anamsubiri. Kisha inakuja sindano, nayo kwangu ndiyo tukio baya kuliko yote, baya kuliko kisu. Wapo wanaosema sindano ni huruma ya mwongozaji, kwamba amemwondolea maumivu. Mimi naona imemwondolea sauti. Baada ya dawa hawezi kupinga, hawezi kuomba, hawezi hata kuumia kwa namna ambayo ingetulazimisha kuumia naye. Anayebaki na maneno ni muuaji peke yake, na maneno yake anatuelekezea sisi, kama mwenyeji anayekaribisha wageni. Filamu imetupangia kiti, na kiti hicho kiko upande wa kisu.

Halafu kuna lile swali inalolipanda mwanzoni: je, ni kweli? Nilipoitazama niligundua kwamba kwa dakika nyingi nilikuwa natafuta mahali mpira ulipoungana na ngozi. Nilikagua kifundo cha mkono. Nilijiuliza damu inapitishwa wapi. Nilikuwa mpelelezi, na mpelelezi ana shughuli nyingi mno kuweza kuhuzunika. Swali "ni kweli?" lilikaa mahali pa swali "ni nani?" na sikuliona likihama.

Hapo ndipo nilipolikumbuka lile kundi la kikoba. Picha ya ajali inapoingia, watu huuliza nini? "Hapo ni wapi?" "Ni ya leo au ya zamani?" "Basi la kampuni gani?" Yote ni maswali ya ukweli, na yote yanaweza kujibiwa bila mtu kuuliza: huyu ni nani, na wake wamekwisha kujua? Filamu ya uongo na picha ya kweli zinakutana hapa. Zote mbili zinatupa mwili uliovuliwa ndugu, kisha zinatupa shughuli ya kufanya ili tusione kwamba ndugu hawapo.

Kwa hiyo jibu langu kwa rafiki yangu ni hili. Ni kweli kwamba mpira haunidai chochote. Lakini filamu haiigi mwili pekee. Inaiga pia namna ya kuutazama. Mwili wake ni wa bandia, ila utazamaji wangu ni wa kweli. Zile dakika 42 nilizitazama kwa macho haya haya yanayofungua simu asubuhi. Sidai kwamba zitaniharibu. Ningependa kudhani nina mizizi kuliko hivyo. Nadai tu kwamba ninapokaa kwenye kile kiti ninatenda jambo, na jambo hilo linaweza kuulizwa kama linafaa au halifai, hata kama hakuna atakayelia.

Rafiki yangu angesema sasa nimezikataa filamu zote za kutisha. La. Ushahidi wangu ni Hino huyohuyo. Mwaka 1988 alirudi katika mfululizo uleule wa Guinea Pig na filamu iitwayo Manhōru no naka no ningyo, yaani Nguva Ndani ya Shimo la Majitaka. Mchoraji aliyempoteza mkewe anashuka chini ya mji, kwenye mfereji ambao zamani ulikuwa mto wa utoto wake, na kumkuta nguva aliyemwona akiwa mdogo. Nguva ni mgonjwa. Anampeleka nyumbani, anamweka ndani ya beseni la kuogea, na pale mwili wake unatunga majipu na kuoza mbele ya macho yetu. Mchoraji anamchora, tena kwa rangi za usaha unaomtoka.

Kwa wingi wa uchafu, filamu hiyo haipungukiwi na ile ya kwanza. Wapo watakaoshindwa kuimaliza. Lakini nguva anasema. Ni yeye anayemtaka mchoraji aendelee kuchora. Anaumia, na maumivu yake yana historia: ya mto uliouawa, ya mtoto aliyekua, ya mke. Mwishoni, wakati wengine wanapoingia katika nyumba ile, tunapewa uwezekano kwamba nguva hakuwapo, kwamba aliyekuwa ndani ya beseni ni mke wa mchoraji, mgonjwa wa saratani, na kwamba yote tuliyoyaona yalikuwa macho ya mume asiyeweza kuutazama ugonjwa wa mkewe kwa jina lake. Hapo uozo wote unageuka. Ulichokuwa unakionea kinyaa kilikuwa ni mtu anayefia mikononi mwa anayempenda na asiyejua la kufanya. Aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa saratani nyumbani, akabadilisha shuka usiku, hahitaji kufafanuliwa.

Mkono uleule, bajeti ndogo ileile, damu ileile ya kutengeneza, na mfululizo uleule. Tofauti iko katika jambo moja: mwili wa pili una mwenyewe. Kwa hiyo wanaopima ubaya wa filamu kwa lita za damu wanapima kwa kipimo kisicho chake, na rafiki yangu yuko sahihi kuwapinga. Na wanaosema kwamba kila cha uongo kiko huru, yeye akiwamo, nao wanapitwa na kitu.

Juzi nilimpelekea hoja hii kabla ya kura. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo sijaweza kulipangua lote. "Dada, hiyo ya nguva inakufariji. Inakupa mke, inakupa mapenzi, unatoka umelia ukajiona mwema. Ile ya kwanza haikupi kitu. Inakuacha na uso wa mtu asiye na jina, na wewe mwenyewe ndiye unayepaswa kugundua kwamba jina halipo. Wewe hujaligundua?"

Nililigundua, ndiyo. Lakini niligundua kwa sababu nilikwenda pale nikiwa na shati la baba mdogo kichwani. Filamu haikunipa shati hilo. Mtu asiye nalo ataingia mle na swali la mpira na rangi, atatoka na jibu la mpira na rangi, na ataridhika. Siwezi kuijengea filamu sifa kutokana na msiba nilioingia nao mwenyewe.

Basi nitapiga kura dhidi ya kuionyesha Chiniku no Hana, na nitapendekeza ile ya nguva. Sitaki ipigwe marufuku. Anayetaka kuitazama peke yake ana haki hiyo, na mimi niliitumia. Kuonyesha ni tendo jingine. Kuonyesha ni kuwaita watu, kuzima taa na kuwapangia viti, nami sitaki kuwa mtu wa kupanga kiti kile.

Nikishindwa, nitahudhuria, na nitaomba kabla ya taa kuzimwa kila mmoja ampe yule mwanamke jina na mtu mmoja anayemsubiri nyumbani usiku ule. Rafiki yangu anasema huko ni kuiharibu filamu. Huenda. Lakini hilo ndilo Charlie Sheen alilolifanya mwaka 1991 bila kuombwa na mtu, akaishia kuchekwa. Alimwona mwanamke asiyemfahamu, kutoka nchi ya mbali, katika kanda yenye chengachenga, akachukulia kwamba ana kwao.